Beki Asiyetajwa Redioni

14 Januari 1988

Kwako Kitasa, mwana wa kaka yangu,

Marahaba. Naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa, maana najua utaichelewesha kama unavyochelewesha barua. Sisi huku wazima. Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike. Mtoto ana afya, na sauti yake ni ya filimbi ya refa. Akilia, wapita njia wanasimama. Baba yake anasema sauti hiyo ameirithi kwangu. Nimemwacha aseme, siku moja atakuja kuomba mkate wa moto na mimi nitakuwa sisikii.

Tanuri jipya linafanya kazi, ila linaunguza upande wa kushoto. Mikate ya upande huo nawauzia wateja wanaoingia dukani bila kusalimia.

Sasa tuje kwenye mpira. Jumamosi nilisikiliza mechi yenu kuanzia mikate ya jioni ilipotoka. Unajua mwenyewe, mikate hutoka saa kumi na mechi huanza saa kumi, kwa hiyo wakisoma majina ya wachezaji mimi niko uani, kichwa na mabega vimo ndani ya tanuri. Nikija dukani kuwasha redio, mpira umeshachezwa kidogo. Lakini tangu hapo hadi mwisho sikukusikia hata mara moja! Mwanangu, nilifurahi, niliimba peke yangu. Yule mtangazaji mwenye kikohozi namjua vizuri. Mshambuliaji akiinama tu kufunga kamba za kiatu, atamtaja yeye na ukoo wake. Beki humtaja akipitwa, akimpiga mtu teke, au akijifunga. Beki asiyetajwa amefanya kazi yake. Na wewe tangu Desemba hujatajwa. Mtaa mzima nimeutangazia kwamba mwaka huu hapiti mtu.

Redio yenyewe inanisumbua. Unga unaingia ndani, inakoroma kama mtu mwenye mafua. Nimempata fundi redio mmoja, duka lake liko karibu na posta, amekuja kuipuliza. Mtu mpole. Basi, hayo tu.

Ulisema mkataba wako unaisha mwezi wa sita. Wanakuongezea au hawakuongezei? Nieleze. Nyumba yote hii tunasubiri jibu hilo. Na kuoa unaoa lini? Umri huo mwenzako babako alikuwa na wewe na nguo zako za shule.

Ni mimi shangazi yako

9 Februari 1988

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umeona? Nimeitoa mwanzoni kabisa. Hongereni kwa mtoto. Mwambie dada nimefurahi, na asimzoeze kelele, huku ukimpigia refa kelele unaonyeshwa kadi.

Mimi mzima. Lile goti lililovimba mwezi wa kumi na moja limepona, napanda ngazi bila kushika ukuta. Chumba changu bado kiko juu ya duka la rangi, na harufu inapanda hadi kitandani. Nikilala naota nyumba za kijani. Asubuhi natembea hadi uwanjani, naning'iniza shati kwenye msumari wangu uleule, wa tatu kutoka mlangoni, napaka dawa ya misuli, naanza kukimbia. Mazoezini sijakosa hata siku moja.

Mechi ya Jumamosi ilikuwa nzuri. Niliiona vizuri sana, pengine kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Nyasi zilikuwa mbichi. Sikuchoka.

Tuna beki kijana, amekuja msimu huu. Ni mrefu na mwembamba, tumempa jina la Mlingoti. Ana mbio na anaruka, ila ana ugonjwa mmoja: anatazama mpira. Mshambuliaji akiuchezesha mpira kushoto, macho ya Mlingoti yanakwenda kushoto, na mtu anapita kulia anamwacha amesimama. Nilishindwa kuvumilia. Nikamweleza ulivyonisimamisha mlangoni mwa duka watoto wa mtaa walipokuwa wanakwapua mikate kwenye meza. Ulisema, "Usimtazame macho, macho yanadanganya. Usitazame mikono. Tazama kiuno. Kiuno kikigeuka, na yeye anakwenda hukohuko." Alicheka. Sasa hacheki, anatazama viuno.

Kuhusu mkataba, hawajasema. Kuna jambo nilitaka kukueleza, lakini karatasi imekwisha.

Ni mimi, Kitasa

3 Machi 1988

Kitasa,

Marahaba. Mtoto amepewa chanjo, akalia, nesi naye nusura alie. Dada yako anakusalimu.

Karatasi uliyosema imekwisha ninayo hapa mbele yangu. Chini ya jina lako kuna nafasi nyeupe ya kutosha barua nzima na salamu za jirani. Mimi nimekulea, nakujua. Ukiwa na jambo unapunguza maneno na kuanza kusifia nyasi. Lini wewe umewahi kujali nyasi? Sema. Kama ni mwanamke, mlete. Kama ni ugonjwa, nieleze kiungo gani. Kama wamekunyima mkataba, nieleze nijue namna ya kuwatukana.

Nyumbani hamna baya. Jumamosi tena sikukusikia. Mtangazaji alimtaja mshambuliaji wao hadi akakauka koo, lakini kila akifika karibu na goli lenu hadithi inaishia hapo. Nikakupigia makofi peke yangu dukani. Kinyozi wa upande wa pili alikuja kuuliza kuna sherehe gani. Nikamwambia, "Kuna kijana wangu anafanya kazi kimyakimya." Akasema, "Kama mimi." Kinyozi huyo, wewe unamjua, hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.

Redio ilikoroma tena Alhamisi, siku hizi hukoroma kila Alhamisi. Fundi akaja. Alikunywa chai, akanieleza mawimbi ya sauti yanavyosafiri. Sikuelewa hata moja lakini anaeleza vizuri, hana papara. Ana wazo. Mechi yenu ya mwisho, ile ya Juni, anataka kufunga kipaza sauti juu ya mlango wa duka, mtaa mzima usikilize. Nimemwambia aandae waya.

Shangazi yako, mwenye nafasi nyeupe anazozihesabu

28 Machi 1988

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru barua, nashukuru na matusi. Si mwanamke, si ugonjwa. Wote wazima? Mbusu mtoto.

Kipaza sauti nakuomba muahirishe. Watu wana kazi zao.

Kuhusu redio, dawa ni nyepesi mno. Chukua kitambaa safi, ifunike wakati wa kukanda. Unga hautaingia. Nashangaa fundi hakukwambia.

Kocha amemchagua Mlingoti mchezaji bora wa mwezi. Kwenye picha nimesimama nyuma yake, sikio langu linaonekana.

Kitasa

20 Aprili 1988

Mwanangu Kitasa,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi kiasi kwamba nimeisoma nikiwa bado kwenye ngazi za posta. Fundi alikuwa amenisindikiza kwa kuwa barabara ina madimbwi. Mtoto anaota jino. Dada yako halali, shemeji yako halali, majirani hawalali, mtoto peke yake ndiye amenawiri.

Kipaza sauti hakiahirishwi. Waya umeshapitishwa juu ya dirisha. Kinyozi amesema siku hiyo atafunga duka lake la kunyolea, jambo ambalo hakulifanya hata alipooa. Mwalimu mkuu ameomba nafasi ya kuketi. Tumekubaliana viti viwekwe upande wa kivulini na wazee watangulie. Kila mtu ananiuliza, "Tutamtambuaje Kitasa akicheza?" Nawajibu, "Hamtamtambua. Hiyo ndiyo raha yenyewe. Mtaa mzima tutakaa kusikiliza asivyotajwa." Wanacheka, lakini watakuja.

Tunajua pia mambo yenu si mazuri. Fundi ameniambia mkifungwa siku hiyo mnashuka daraja. Usiogope. Pale nyuma upo wewe.

Na lile jambo lako? Bado nasubiri.

Shangazi yako

2 Mei 1988

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini jino limetoka na usingizi umerudi. Mimi mzima wa mwili.

Nimeketi chini ya dirisha na karatasi nne, usije ukasema imekwisha. Nitasema moja kwa moja: sichezi. Tangu Desemba sijaingia uwanjani hata dakika moja. Goti lilipovimba kocha alimweka Mlingoti kwa muda. Nilipopona, kocha alinitazama, akamtazama Mlingoti, akasema, "Subiri kidogo." Kidogo hicho bado nakisubiri. Nasugua benchi, Shangazi. Mechi nilizokwambia nimeziona vizuri, niliziona nimekaa, na jezi yangu inarudi kabatini safi kama ilivyotoka.

Nilitaka kukwambia Januari. Kisha ikaja barua yako unanipongeza kwa kutotajwa. Na kweli sikutajwa! Nilikuwa kimya kuliko mabeki wote wa ligi. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikanikwama. Ulikuwa umefurahi sana. Nikasema nitamwambia mechi ijayo, labda nitakuwa nimerudi. Mechi ijayo ikawa hivyohivyo. Kila barua yako ikanikuta na uongo mkubwa zaidi, na mimi sikuwa nimeandika uongo wowote, nilikuwa nasifia nyasi.

Naogopa. Nilikuwa sijamwambia mtu neno hilo. Nina miaka thelathini na tatu. Kazi ninayoijua ni moja, kumzuia mtu asipite, na sasa watu wanapita bila mimi. Mkataba sidhani kama wataongeza. Na mtaa wote utaketi kivulini kusikiliza majina, na langu litasomwa mwisho, pamoja na ya wachezaji wa akiba. Ndiyo maana nilikuomba muahirishe kile kipaza sauti.

Unisamehe.

Kuna jambo jingine, nalisema kwa heshima. Nilikushauri kitambaa cha redio, hukujibu. Wewe unafunika unga, unafunika hamira, unafunika hadi kiti cha wageni. Redio tu ndiyo imekushinda kuifunika? Inakoroma kila Alhamisi, na kila Alhamisi chai inachemka. Nauliza tu.

Mwanao, Kitasa

15 Mei 1988

Kitasa,

Marahaba, ingawa leo nimeitoa kwa meno. Wote wazima, jino limetoka.

Nimekasirika. Nakwambia ili ujue. Sikukasirika kwa sababu ya benchi, benchi ni kiti tu, watu wazima hukaa. Nimekasirika kwamba miezi yote hiyo umeogopa peke yako kwenye chumba chenye harufu ya rangi, na mimi huku naimba. Ungeniambia ningeogopa na wewe. Kazi ya shangazi ni nini?

Niliisoma barua yako fundi akiwa amefungua redio mezani. Nikamsomea sehemu ile. Hakushtuka. Nikamtazama. Nikamwambia, "Wewe ulijua."

Akasema, "Nilijua, mama. Dukani kwangu redio zinawaka siku nzima. Majina nayasikia."

"Tangu lini?"

"Tangu Desemba."

"Na ukanyamaza! Ukanipitishia na waya wa kipaza sauti!"

Akasema, "Kila Alhamisi ulikuwa unanisimulia jinsi asivyotajwa, na unacheka. Nilisema labda atarudi kabla hujajua. Sikutaka niwe mimi wa kukizima kile kicheko."

Nilimpa vidonge vyake. Nikamwambia afunge redio, achukue bisibisi zake aende zake. Alizichukua. Moja aliisahau chini ya gunia la unga na hajarudi kuidai. Alhamisi iliyofuata redio ilikoroma, nikaiacha ikorome.

Kipaza sauti sikukiteremsha. Mtaa sijauambia kitu, na sitaki mtu aniulize. Watakaa kivulini na watasikiliza, uwe umesimama au umekaa.

Swali lako la kitambaa sikuliona.

Ila nami nina langu. Huyo Mlingoti aliyekutoa kwenye nafasi, nani anamfundisha kutazama kiuno?

Shangazi yako

28 Mei 1988

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii naiandika chumba cha kubadilishia nguo, wenzangu wameshaondoka, mabomba yanadondosha maji.

Namfundisha mimi. Nilijaribu kuacha, nikashindwa. Nikimwona anatazama mpira mwili wote unaniwasha, nasimama kwenye benchi napiga kelele, "Kiuno! Kiuno!" Mashabiki wanaokaa nyuma yetu wanadhani nimerukwa na akili. Jana kocha alinisimamisha mlangoni, akaniuliza, "Hii habari ya viuno umejifunza wapi?" Nikamwambia, kwa muoka mikate. Akaondoka anatikisa kichwa. Sijui maana yake.

Nimelala vizuri tangu niandike ile barua. Nimeona ajabu. Kumbe nilikuwa sijalala.

Sasa nisikilize na mimi, mara moja tu. Fundi alinyamaza kwa sababu ileile niliyonyamazia mimi. Mimi umenisamehe, nimeona, hata kama hukuandika. Na yeye je? Mimi ni mtoto wako, sina pa kwenda. Yeye alikuwa na pa kwenda, na kila Alhamisi alikuja kwako. Ukimfukuza mtu wa namna hiyo umejifunga mwenyewe, na hapo lazima utajwe redioni.

Mpelekee bisibisi yake.

Mechi ni tarehe kumi na moja, saa kumi. Jina langu litakuwa kwenye orodha ya akiba.

Kitasa

13 Juni 1988

Mwanangu,

Marahaba na marahaba tena. Sauti sina, ndiyo maana nakuandikia hata kabla ya barua yako kufika. Wote wazima, isipokuwa mikate.

Nianze na mikate. Jumamosi saa kumi ilikuwa imo tanurini, tayari kutolewa. Kipaza sauti kikaanza kusoma majina. Kutoka uani sisikii kitu ila moto. Nikatazama tanuri, nikatazama mlango. Nikaacha tanuri, nikaenda mbele kusikiliza. Tangu nianze kazi hii sijawahi kufanya hivyo. Wakasoma kumi na moja, wewe hukuwemo. Kisha wa akiba, na wewe wa mwisho. Viti vyote vikanigeukia. Kinyozi akasema, "Benchi? Wewe si ulituambia ni ukuta?"

Nikasimama mbele yao na aproni yangu, nikasema, "Ndiyo, yuko benchi. Tangu Desemba yuko benchi. Nimekosea, nilikuwa sisikii majina. Anayetaka kwenda nyumbani aende, na anayekaa anyamaze tusikilize." Hakuondoka mtu. Mwalimu mkuu akasogeza kiti chake akanipa nikae. Moshi ukaanza kutoka uani, hakuna aliyeutaja.

Mengine unayajua, ulikuwepo, lakini nakueleza tulivyoyasikia. Mkafunga bao moja, kinyozi akanikumbatia. Kipindi cha pili wakaanza kuwashambulia. Kisha mtangazaji akasema Mlingoti ameanguka, ameshika kifundo cha mguu, hawezi kuendelea. Akakohoa. Akasema, "Anaingia Kitasa."

Mtaa ulilipuka. Mtoto wa dada yako akaamka akapiga filimbi yake. Mimi wakati huo sikupiga kelele. Nilikuwa naogopa kuliko siku zote, maana sasa ulikuwa mle ndani kweli.

Halafu tukasikiliza. Mshambuliaji wao anapata mpira, anaingia, anamzunguka mtu, "mpira umeokolewa." Wanarudi tena, krosi inapigwa, "imeondolewa." Kona. "Imeokolewa." Hakusema na nani. Hakusema hata mara moja! Kinyozi akaanza kulielewa jambo hilo. Kila ikisemwa "umeokolewa" anainua kidole kuninyooshea mimi, bila kutoa neno. Baadaye mtaa mzima ukawa unainua vidole. Kinyozi alikuwa kimya, mwanangu. Kinyozi! Filimbi ya mwisho ilipolia, bao lilikuwa bado moja kwa bila, na tangu uingie hukutajwa tena. Nililia kwa sauti mbele za watu na sikujifuta.

Jana imekuja simu ya maandishi kutoka kwako, kwamba kocha anataka ubaki hapo uwafundishe mabeki wadogo. Umeniuliza ufanye nini. Jibu umekuwa nalo tangu Februari, ulipoanza kumfundisha aliyekutoa. Ukitaka kuwaambia nani aligundua habari za viuno, waambie tu ni mwanamke mmoja na mikate yake.

Ile mikate ilikuwa mkaa mtupu. Nilipokwenda uani nilimkuta fundi, amekunja mikono ya shati, anaitoa mmojammoja na anaipanga kana kwamba inauzika. Hakuwa ameketi na wengine, alisimama kwenye uchochoro asikilize bila mimi kumwona. Nilimpa bisibisi yake. Akaigeuza mkononi, akasema, "Nilidhani nimeipoteza." Nikamwambia, "Hukuipoteza, uliiacha." Tukala mkate mmoja, tuliukwangua kwanza.

Njoo nyumbani mwisho wa mwezi, kabla ya kuanza hiyo kazi mpya. Uje na shati zuri. Nimekusumbua miaka mingi nikikuuliza utaoa lini, na siwezi kuendelea kukusubiri, natangulia mimi.

Redio nimeifunika kitambaa.

Shangazi yako